Kelele ya Saa Nane Mchana

"Hii ni kelele tu. Ilainishe."

Msimamizi wangu alikuwa anagonga skrini kwa ncha ya kalamu, pale mstari wa bluu ulipoporomoka. Ilikuwa grafu ya kina cha mto, wiki moja ya kiangazi, na kila siku ilikuwa na bonde lake. Mstari unaanza kushuka asubuhi jua likishapanda, unafika chini kabisa mnamo saa nane au saa tisa mchana, kisha unajivuta kurudi juu mpaka usiku. Kesho yake vilevile.

"Mto hauvai saa," akasema. "Kitu kinachotokea kila siku saa ileile ni jua, na jua linapiga kiboksi chako. Chukua wastani wa saa 24, mstari utanyooka, tuendelee na mafuriko."

Alikuwa na hoja. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu tahadhari ya mafuriko, na mafuriko ya mito ya milimani hupandisha maji kwa mita nzima ndani ya saa chache. Kibonde cha sentimita kumi na kitu, tena katikati ya kiangazi, kinamhusu nani? Nikarudi karakana, nikaandika mstari mmoja wa programu, nikabonyeza. Mabonde yakafutika. Grafu ikawa nzuri, ya kuchapishika.

Ikanisumbua kwa wiki kadhaa.

Sauti na joto

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Kimening'inizwa kwenye mkono wa chuma ubavuni mwa daraja, kinatazama maji kutoka kimo cha mita tatu hivi. Kihisi kinatoa mlio usiosikika kwa sikio la mtu, mlio unagonga uso wa maji, unarudi. Kifaa kinahesabu muda, kinazidisha kwa kasi ya sauti, kinagawanya kwa mbili. Kilichobaki ni betri, paneli ya sola, na laini ya simu yenye bando. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wana vya aina hiyo kwenye mto Muringato, na vyao hutuma data kwa LoRa, redio ya masafa marefu isiyohitaji mtandao wa simu. Mimi mtandao wa simu unafika mpaka darajani, nikaona nisijitafutie kazi.

Mto wangu ni mmojawapo wa ile inayoshuka mteremko wa kusini wa Mlima Meru, Tanzania, kuelekea mto Kikuletwa. Jina silitaji. Mkisoma mpaka mbele mtajua kwa nini.

Sasa, kasi ya sauti haitulii. Hewa ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inapoongezeka, sauti inaongeza mwendo kwa takriban mita 0.6. Ndiyo maana vihisi vingi vya aina hii huja na kipimajoto ndani, ili vijisahihishe vyenyewe. Lakini kipimajoto kilichofungiwa ndani ya kiboksi kinapima joto la kiboksi. Hewa ya juu ya maji, kule sauti inakopita, ina joto lake jingine kabisa.

Tupige hesabu. Hewa ina nyuzi 30, kiboksi kilichochomwa na jua kina nyuzi 50. Kifaa kinaamini sauti inakwenda mita 361 kwa sekunde, kumbe inakwenda 349. Hapo umekosea kwa asilimia 3.5 hivi. Kwa umbali wa mita 3, kosa hilo ni sentimita 10. Kifaa kinaona maji yako mbali kuliko yalivyo, kinaandika kwamba mto umeshuka sentimita 10, na mto haujasogea.

Kuna atakayeuliza mbona sikutumia kihisi cha mgandamizo, kile cha kuzamisha majini. Nilikifikiria. Lakini katika nchi zetu za tropiki mgandamizo wa hewa wenyewe hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, unafika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, unafika chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Mwendo wake ni milibari 3 hivi, na milibari moja ni sawa na sentimita moja ya maji. Usiposahihisha kwa kihisi cha pili kilicho hewani, mto wako utaonekana unashuka sentimita 3 kila alasiri.

Yaani kila kifaa nilichoweza kukinunua kilikuwa tayari kuniambia mto unapungua mchana, hata kama haupungui.

Kwa hiyo msimamizi alikuwa na fizikia upande wake. Nilichokuwa nacho mimi ni wasiwasi, na wasiwasi hauna sura katika tasnifu.

Saa tatu na saa kumi na mbili

Hatua chache kutoka kwenye kifaa changu kuna kibao cha zamani chenye alama za sentimita, kimesimamishwa majini. Kuna mzee anayekisoma. Anaandika kwenye daftari, karatasi zinakusanywa, zinapelekwa kunakohusika, na yeye anapata posho ambayo hakutaka kunitajia kiasi chake. Nilimfuata ili nilinganishe mstari wangu na daftari lake, maana ndivyo inavyotakiwa: kifaa kipya kinapimwa kwa kile kilichokuwepo.

Asubuhi tulikubaliana vizuri, jioni tukapishana kidogo. Nikamuuliza.

"Mzee, mto huu mchana unapungua?"

Akacheka kwanza. "Unapungua. Watu si wanamwagilia?"

"Mbona humu kwenye daftari sioni?"

"Kijana wangu, mimi nimeambiwa niandike saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Saa nane hakuna aliyeniagiza." Akafunga daftari. "Na hiyo saa nane mwenyewe nipo shambani, na mfereji uko kwangu."

Nilikaa darajani muda mrefu baada ya hapo.

Nilikuwa nimezoea kuiita data ya kibao "data ya kweli", yaani kipimo cha kukosoa cha kwangu. Na ni ya kweli, kila namba iliyomo. Ila imeandikwa kwa saa ambazo mchana haumo. Mtu akichukua miaka yote ya madaftari yale akachora grafu, atapata mto mtulivu, unaopungua taratibu kiangazi na kupanda masika, na hataona hata siku moja kwamba kila mchana kuna watu wamefungua maji. Mwenye kusoma kibao anajua. Anayesoma daftari hajui.

Kisha mimi nikaja na kifaa kinachoangalia kila robo saa, nikayaona mabonde, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kuyafuta.

Lakini subiri. Neno la mzee halikuthibitisha chochote kuhusu mstari wangu. Watu wanaweza kuwa wanachukua maji mchana, na wakati huohuo bonde langu likawa la joto tupu, kwa sababu maji wanayochukua ni kidogo mno kwa kifaa changu kuyaona. Kuna sababu mbili, zote zinafanya kazi saa zilezile, zote zinasukuma mstari upande uleule. Sijawahi kukutana na mtego wa namna hiyo kwenye mtihani wowote.

Mawingu hayakusaidia

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: angalia siku za mawingu. Kiboksi hakichomwi, bonde likitoweka basi lilikuwa la jua.

Nikazichambua siku za mawingu. Bonde lilitoweka, au lilibaki dogo sana.

Nikaanza hata kuandika aya ya kumpelekea msimamizi. Sikuimaliza. Siku ya mawingu mkulima wa mboga naye hamwagilii kama siku ya jua kali. Udongo haukauki haraka, nyanya hazinyauki, anaacha zamu yake ipite au anamwachia jirani. Masika ndiyo kabisa: kiboksi kimepoa, na mifereji imefungwa kwa sababu mvua inanyesha. Jua lilikuwa limevikamata vyote viwili, kifaa changu na watu wangu. Ukiliondoa jua umeviondoa vyote kwa pamoja, na hujajifunza kitu.

Nikahitaji kitu kinachochomwa na jua lakini kisichonywewa na mtu.

Ubao.

Nilichukua kihisi cha pili cha aina ileile, kiboksi cha rangi ileile, nikakifunga kwenye mkono uleule wa chuma, ila hiki hakikutazama maji. Kilitazama ubao uliofungwa mita moja na nusu chini yake. Ubao haupungui kiangazi. Lolote ambalo kihisi kile kingesema kuhusu ubao kusogea lingekuwa uongo wa joto, na uongo huo ningeweza kuupima, kuuzidisha mara mbili kwa sababu maji yako umbali wa mara mbili, kisha kuutoa kwenye mstari wa mto.

Fundi aliyenichomelea vile vyuma alisimama akatazama kwa muda. "Injinia," akasema, "unapima ubao?"

"Ndiyo."

"Haukui huo."

Nikamwambia ndiyo maana naupima. Akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

(Kwa watakaojaribu: ziba kila upenyo. Buibui wanapenda sana mdomo wa kihisi, na nyigu wakijenga pale utapokea taarifa kwamba mto umejaa hadi darajani. Mafuriko ya kwanza niliyoyatangaza kwenye kundi letu la WhatsApp yalikuwa ya nyigu.)

Siku ya walio chini ya daraja

Ubao ulisogea. Kila siku ya jua, saa zilezile, ulijifanya umeshuka. Nilipoutoa uongo wake kwenye mstari wa mto, zaidi ya nusu ya bonde ikaondoka nao. Msimamizi alikuwa sahihi kwa zaidi ya nusu.

Ila bonde halikuisha. Lililobaki lilikuwa na tabia nyingine. Lilianza mapema, kabla jua halijafika kwenye mkono wa chuma. Lilishuka kwa ghafla badala ya kuteremka polepole, kama inavyokuwa geti la mfereji linapofunguliwa. Na lilikuwa na siku zake.

Hilo la siku ndilo lililonifanya niamke kwenye kiti. Mifereji mingi ya eneo lile inachepuka kutoka mtoni juu ya daraja, lakini upo mmoja unaochepuka chini yake. Zamu inapokuwa ya mifereji ya juu, maji yanachukuliwa kabla hayajapita mbele ya kifaa changu. Zamu inapokuwa ya walio chini, maji yote yanapita darajani kwanza. Siku hizo jua lilikuwa lilelile, ubao ulijifanya kushuka kama kawaida, na mto ulinyooka.

Sikuhitaji takwimu za ajabu. Niliweka ratiba ya zamu, niliyoandikiwa na mzee wa kibao nyuma ya risiti ya duka la pembejeo, kando ya grafu.

Vikaendana.

Msimamizi alipoona alikaa kimya kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo: akafuta alichoandika pembeni mwa rasimu yangu. "Hii ni sura nzima," akasema. "Hii ni bora kuliko mafuriko. Chapisha." Akaanza kunitajia majarida. Akanikumbusha pia kwamba mfadhili anataka data yote iwekwe wazi, kila mtu aipakue, pamoja na mahali kifaa kilipo.

Nilipaswa kuwa na furaha. Nilirudi nyumbani nikiwa na tatizo kubwa kuliko lile la kwanza.

Mpini wa pampu

Kuna kisa cha Kitui, Kenya, ambacho wanafunzi wa fani yetu hupenda kukitaja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Patrick Thomson na Rob Hope, walitengeneza kifaa kidogo cha kuweka ndani ya mpini wa pampu ya mkono. Kinahisi mpini ukipanda na kushuka, kinatuma ujumbe kwa mtandao wa simu. Maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2012. Lengo lilikuwa moja: kujua pampu imeharibika bila kusubiri mtu asafiri kwenda kutoa taarifa. Walipoijaribu eneo la Kyuso, muda wa wananchi kukaa bila pampu ulipungua kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3, na humo ndimo ilimotoka huduma ya matengenezo ya FundiFix, Kitui na Kwale.

Sehemu ya kisa ambayo haitajwi sana ndiyo iliyokuwa inanizunguka kichwani. Baadaye wenzao wa uhandisi waliuchunguza ule mtikisiko wa mpini kwa undani, wakaona kwamba ndani yake mna habari ya kina cha maji ardhini. Makala ya jambo hilo ilitoka mwaka 2017. Kifaa kilipelekwa kuuliza kama pampu ni nzima. Kikarudi kinajua na maji yako umbali gani chini ya miguu ya watu.

Kwa Kitui hiyo ilikuwa neema. Nani asiyetaka kujua hali ya maji ya ardhini? Lakini ukifikiri vizuri, kifaa kilekile kinajua pia nani anapampu sana na nani anapampu kidogo, na saa ngapi. Kilichowekwa kwa ajili ya jambo moja hakifumbi macho kwa mengine.

Siku naweka changu, mama mmoja aliyekuwa anafua pale chini aliniuliza, "Hicho kitahesabu maji yetu?"

Nikamwambia, "Hapana mama, kinapima mafuriko."

Na siku ile ilikuwa kweli.

Kibali

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya mwaka 2009, inamtaka anayechepusha maji ya mto awe na kibali cha kutumia maji. Kwa upande wetu mhusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sheria ina sababu zake, sina ugomvi nayo. Maji haya yanakwenda Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mtambo wa umeme wa megawati 8, yanashuka kwenye mtambo wa Hale, yanashuka kwenye ule wa New Pangani Falls wenye megawati 68 tangu mwaka 1995, na katikati kuna miji, mashamba na wafugaji. Kila tone la mteremkoni lina anayelisubiri bondeni.

Lakini mifereji ya Wameru na Waarusha ilikuwepo kabla neno kibali halijafika huku. Ina kamati zake, faini zake, siku zake za kuisafisha. Baadhi ina vibali, baadhi imo kwenye jumuiya za watumia maji, na baadhi iko hivyohivyo. Ofisa anayefika siku moja mara chache kwa mwaka hawezi kujua nani alichukua kiasi gani.

Grafu yangu inaweza kumwambia. Mwenye jedwali la kubadili kina kuwa mtiririko anasoma lita kwa sekunde moja kwa moja kwenye bonde lile. Na ukiijua zamu, unajua na mtu. Ratiba ya nyuma ya risiti ina majina.

Nilikuwa nimejenga shahidi. Nilimjenga kwa fedha za mafuriko, nikamfundisha kusema ukweli kwa kumwekea ubao, na sasa nilitakiwa nimweke kwenye tovuti ambayo kila mtu anaweza kumhoji.

Rafiki yangu wa maabara, mtu wa kompyuta, hakuona tatizo. "Data ni data. Wakichukua kihalali wana hofu gani?" Nilibishana naye hadi usiku. Sikumshinda, kwa sababu hoja yake ikiwekwa peke yake ni nzuri. Nilichoweza kumjibu ni kwamba juu kabisa ya mto ule kuna mkulima mkubwa, ana pampu na bwawa lake, na kifaa changu hakimwoni. Maji anayovuta yameshaondoka kabla ya kufika popote ninapoweza kupima, na kwa kuwa anajaza bwawa usiku na mchana, hana bonde. Kwenye mstari wangu anaonekana kama mto mdogo tu. Ni wakulima wa majembe ndio wenye saa nane mchana, kwa hiyo ni wao tu wanaoonekana.

Huo si upungufu wa kuufunika kwa sentensi moja ya "mipaka ya utafiti".

Jumatano ni nani?

Nikaamua kwamba kabla ya tasnifu, kabla ya jarida, kabla ya mfadhili, grafu ile itaonwa na wenye mabonde. Nikaichapisha kwenye karatasi kubwa, nikaomba nafasi kwenye kikao cha kamati ya mto. Nilitegemea mambo mawili: ama wangekasirika, ama wangenishukuru. Nilikuwa nimeandaa majibu ya yote mawili.

Nilieleza kwa kirefu, labda kwa kirefu mno. Walisikiliza kwa heshima. Mzee mmoja akauliza kama kifaa kinarekodi na sauti za watu. Nikasema hapana. Mwingine akauliza kama mlio ule unafukuza samaki. Kisha karatasi ikaanza kupita mkono kwa mkono, na mazungumzo yakaniponyoka.

"Hii Jumatano ni nani?" mama mmoja akauliza.

Kidole chake kilikuwa kwenye kibonde ambacho mimi nilikiona nikakipuuza kwa sababu kilikuwa kimoja. Jumatano ile zamu ilikuwa ya chini ya daraja. Mstari ulitakiwa kunyooka. Ulikuwa na bonde la saa mbili hivi, jembamba na safi.

Hakuna aliyejibu. Ila watu walianza kutazama upande mmoja wa banda, na mwanaume aliyekaa upande huo akaanza kuangalia viatu vyake.

Mwenyekiti aliinyakua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. "Hilo tutalizungumza wenyewe," akasema. Akanigeukia. "Injinia, umetuletea moto."

Nilikuwa nimehofia ofisa, sheria, na mkulima mkubwa. Jirani sikumfikiria. Kwa vizazi kadhaa mtu aliyeiba saa mbili za maji alikuwa anashtakiwa kwa alama za tope, kwa maneno ya mtoto aliyepita, kwa kukisia. Na kukisia kunaacha nafasi ya kusameheana, ya kusema "labda geti lilivuja". Mstari wa bluu hauachi labda. Sikuwa na jibu la hilo kwenye karatasi zangu, na mpaka leo nikilifikiria naona tasnifu za uhandisi wa maji zina kurasa nyingi za usahihi wa kihisi na hazina hata moja ya nini kitatokea kwenye banda la kikao kikiwa sahihi.

Aliyeuokoa mchana ule ni yuleyule mama wa Jumatano. "Sasa hiki kidude," akasema, "kwa nini kiko kwetu? Kipelekeni kule juu kwenye pampu."

Banda zima likaitikia. Hata yule wa viatu.

Masharti yao

Nina kihisi kimoja cha akiba. Vyuma vipo. Fundi amekubali, akauliza kama safari hii tunapima maji au ubao. Kamati imesema itachanga ya bando, na wataandika barua yenye muhuri. Mahali pa kukifunga ni juu ya mahali pampu inapovutia, pawe na kingine chini yake, ili tofauti ya viwili ndiyo iseme kilichochukuliwa. Ni njia ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu makosa ya vihisi viwili yanajumlishana, na nimewaambia hivyo bila kuwaficha. Tutaezeka viboksi kwa bati jeupe lenye nafasi ya hewa katikati, tutatoa kipimajoto nje kivulini, na kila kimoja kitakuwa na ubao wake.

Msimamizi amekubali sura ile iingie kwenye tasnifu bila jina la mto, bila jina la kijiji na bila ratiba ya zamu. Mfadhili tumemwandikia kuomba data iwekwe wazi kwa wastani wa siku, na ile ya robo saa atakayeitaka aombe kwa kamati. Hajajibu.

Tulichokwama ni masharti ya kamati yenyewe, ambayo mwenyekiti alinisomea kutoka kwenye daftari. Cha kule juu, kwenye pampu, wanataka waone kila robo saa, kwenye simu ya katibu, usiku na mchana. Hiki cha darajani wanataka kibaki, maana wamependa habari ya mafuriko, ila kifanyiwe kama mwalimu wangu alivyosema mwanzoni. Kilainishwe.

Kitaalamu ni mstari mmoja wa programu, na ninao tayari. Niliwaambia siwezi kuuweka kwenye kifaa kimoja na kuuondoa kwenye kingine. Ama vyote viwe vya robo saa, ama vyote viwe vya siku. Wakabishana, mama wa Jumatano akiwa upande wangu na karibu wengine wote wakiwa upande wa pili. Mwenyekiti akasema tulijadili tena baada ya masika, kiangazi kikianza, kwa sababu kwa sasa mifereji imefungwa na hakuna wa kumwona.